Maji ya Mtama ya Mama

Mama yangu na ndago ni maadui wa siku nyingi. Ndago ni gugu lisilo na haya: ulikatapo, limeshaacha kokwa ardhini, uling'oapo, kokwa za jirani hushukuru kwa nafasi. Tangu aolewe mama amepigana nalo kwa jembe katika shamba letu la njia ya Bodo, na kilichochakaa ni goti lake, si ndago.

Kaka yangu, mwalimu huko Kinango, akatoa hukumu. Kaka hazungumzi, hutoa hukumu, kazi imemharibu.

"Mama, masika haya ndiyo ya mwisho. Ndago zikiyameza mahindi tena, unahamia kwangu."

 Niliona midomo ya mama ikitetemeka, nikaogopa, maana hata siku tuliyomzika baba haikutetemeka vile. Kinango! Mtu aliyezaliwa akisikia bahari, apelekwe mahali ambapo maji ya kuoga hujadiliwa kwanza?

Faraja ilikuja kwa redio. Mtaalamu mmoja alieleza kwamba mtama una sumu yake ya asili, ambayo huitoa ili majani mengine yasiusogelee. Ukiyakatakata mabua makavu, ukayaloweka usiku mmoja na kuyachuja, maji yake hudumaza magugu machanga. Mama aliizima redio kabla ya taarabu kuanza, jambo ambalo sijawahi kuliona. Mabua tulikuwa nayo. Kaka mwenyewe alikuwa ameyaleta mzigo mzima kutoka Kinango yawe chakula cha mbuzi. Mbuzi hawakuulizwa.

Mama akaloweka pipa zima. Kulipopambazuka kukawa na msiba kijiji cha pili, na mama si mtu wa kutia mguu matangani akarudi. Yeye hukaa hadi hitima isomwe, akikuna nazi na kuwakosoa wapishi. Pipa likabaki juani na kifuniko chake. Mimi nilikuwa Diani, nafua mashuka ya wageni hotelini. Niliporudi nyumbani siku yangu ya mapumziko, harufu ilinipokea kabla ya mama.

Ilikuwa harufu ya pombe. Pipa lilikuwa likitoa povu na kunong'ona peke yake. Kijiji kizima kilikuwa kimeshanusa, na kijiji chetu kikishanusa hakina haja ya kuona. Alasiri akaja sheikh wa msikiti wetu pamoja na wazee wawili, leso puani.

"Bi mkubwa, tumekuja kwa heri," alisema sheikh. "Lakini lisemwalo lipo."

"Na kama halipo laja," mama akamalizia. "Karibuni. Hii ni dawa ya ndago."

"Ndago hunywa?"

"Hunyunyiziwa. Onja ujue, sheikh."

Akachota kwa kata, akamnyooshea. Masikini sheikh! Akionja na ikawa pombe, ameonja pombe. Asipoonja, huenda amemsingizia mjane. Aliitazama ile kata mpaka nikamwonea huruma. Mwishowe mzee mmoja akakumbuka kwamba nyumba ya pili pana mpangaji, Mkristo wa bara, anayehudumu baa moja Ukunda. Basi ndivyo ilivyokuwa: uadilifu wa mama yangu, asiyekosa hata sala ya alfajiri, ukaenda kuthibitishwa na muuza bia.

Mpangaji akaja, akapiga funda moja, akatema hadi karibu na mbuzi.

"Aki mathe, hii si pombe," alisema, akijifuta ulimi kwa fulana. "Hii hata mlevi anayengoja end month ataikataa."

Sikumwuliza kama alisema kweli. Sheikh naye hakuuliza. Alisema alhamdulillahi haraka sana, akaondoka na wazee wake.

Mama alilimwaga pipa, akaloweka mabua mengine, safari hii kwa usiku mmoja tu. Tukanyunyiza kati ya mistari ya mahindi kwa bomba la kuazima. Ndago changa zilipauka, zikajikunja. Zile zilizokomaa zilisimama zikitutazama. Kwa makadirio yangu tulikuwa tumeshinda nusu, na nusu isingemtosha kaka. Goti la mama lilikuwa limevimba, na mimi zamu ya hotelini iliniita. Nilipanda pikipiki moyo ukiwa mzito, nikijiona nimemwacha aende kuhamishwa.

Niliporudi, shamba lilikuwa limejaa wanawake. Ni wale wale waliokuwa wamenusa. Kwetu mtu akikusengenya, haji kukuomba radhi. Huja na jembe lake. Walikuwa wakizing'oa zile sugu huku wakiimba, na mama amekaa kwenye kigoda akiwaonyesha walipoacha. Hakuna aliyetaja pipa. Nilicheka hadi nikalia, na mwisho nikawa nalia tu.

Kaka alikuja mahindi yakiwa yamemfika kifuani. Alipita mstari kwa mstari, akiinama hapa na pale, uso wa msahihishaji mitihani. Ndago aliziona chache tu, na mahindi yalikuwa yamenawiri.

"Dawa imefanya kazi," alisema polepole.

"Imefanya," alisema mama, wala hakufafanua.

Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumcheka kaka. Lakini alibaki amesimama pale, akiyatazama mahindi.

"Chumba nilikuwa nimeshakipaka rangi, mama," alisema. "Kizingiti nimekivunja, nikapasawazisha kwa saruji. Usije ukajikwaa na hilo goti."

 Mama alimshika mkono.

"Nitakuja kukitazama," alisema. "Kukitazama tu, mwanangu."

Kaka aliitikia kwa kichwa. Kisha akavua viatu vyake vya ualimu, akakunja suruali, akaingia tena kwenye mahindi na kuanza kung'oa ndago zilizosalia.