Kiingereza Nilichomwandikia Baba

Nikisikia harufu ya nta, nimefika kijijini kwetu Kwihara kabla sijafumba macho. Baba alikuwa mrina asali, na kila alipoitwa kuwatembeza wageni kwenye tembe la zamani, ile nyumba ya udongo ya wasafiri, na njia ya misafara, aliving'arisha kwa nta viatu vyake pekee vya ngozi. Kisha alitangulia mbele, akiongea Kiingereza alichokiokota kwa wageni wenyewe.

Kilikuwa Kiswahili kilichovaa koti. "Sorry for journey," aliwaambia, yaani poleni na safari, nao wakatazamana kama watu wanaopewa rambirambi. Babu wa babu yake, aliyekuwa mpagazi wa kubeba mizigo ya misafara hiyo, kwa Kiingereza cha baba "alikula miezi mitatu njiani" kwenda pwani. Kuna mgeni mmoja mzee aliuliza miezi hiyo ilipikwaje. Lakini habari ya mpagazi huyo ikifika mwisho, wageni wengine walifuta macho.

Mimi nilisoma shule ya Kiingereza mjini, nikiishi kwa shangazi yangu Gongoni. Kila likizo nilifuatana na baba, na kila likizo aibu ilinipanda hadi masikioni. Nilipofika darasa la sita nikashindwa kuvumilia.

"Baba, wenyewe hawasemi hivyo. Wanakucheka."

Haikuwa kweli. Aliyecheka ni mimi.

Baba alipunguza mwendo. "Wenyewe husemaje?" akauliza. "Hebu niandikie, mwanangu."

Nikamwandikia kurasa mbili, sentensi zimenyooka kama mistari ya daftari. Alizikariri wiki nzima, midomo ikimcheza hata akiwa juu ya mti penye mzinga.

Mgeni aliyefuata alikuwa mama mmoja aliyewahi kuja zamani. Safari hii alimleta binti yake. Baba alitiririka kama redio. Mimi nyuma yake nilivimba kwa fahari. Kisha yule mama akamwomba amsimulie bintiye habari za mpagazi.

Hazikuwemo kwenye kurasa zangu. Baba alinitazama. Halafu, kwa Kiingereza safi kabisa nilichomfundisha, akasema samahani, habari hizo hana.

Hakutembeza wageni tena. Walipomfuata alisema magoti yanauma, ingawa mitini aliendelea kupanda.

Nilipokuwa mtu mzima nilimwuliza, "Baba, yule mpagazi yalimfika yapi?"

"Aa, ile ilikuwa na makosa mengi," alisema, akacheka kidogo, akarudi kwenye mizinga yake. Nilijiambia nitamwuliza siku nyingine. Tulimzika kabla ya siku hiyo.

Leo kazi yangu ni kurekebisha Kiingereza cha watu, kisikike kama cha wenyewe, na husifiwa kwa hilo. Habari ya mpagazi niliisikia likizo baada ya likizo. Makosa yake yote ya sarufi ninayakumbuka. Kama yule mtu alirudi nyumbani au hakurudi, sijui.