Mkia Uliosimama

Jumanne iliyopita niliingia kwenye jengo tunalolimalizia hapa Kisii mjini, nikakuta mafundi wanasugua sakafu ya terazo. Mashine inanguruma, maji yanamwagwa, na ule uji mweupe wa jiwe unatambaa mpaka kwenye viatu vyangu. Harufu ikanipata pale pale mlangoni. Ni harufu ya jiwe lililolowa, baridi kidogo, kama chungu kipya kikitiwa maji kwa mara ya kwanza, na mimi naijua kuliko ninavyoijua harufu ya mkate. Nilisimama na ramani zangu kwapani, mhandisi mzima mwenye kofia ya chuma, nikarudi kuwa mtoto wa miaka kumi na miwili mwenye vidole vyeupe.

Kwetu ni Tabaka, kule yanakochimbwa mawe ya kuchonga. Wakati wa kiangazi migomba ya huko hupakwa vumbi mpaka ukadhani imenyunyiziwa unga wa ngano. Baba yangu, ambaye tulimwita Tata, alikuwa mchongaji, na si wa kubahatisha. Yeye alichonga kwa panga na kisu. Mimi na Mama tulisugua kwa msasa ndani ya karai la maji, kisha tukapaka nta mpaka jiwe likang'aa. Tata alikuwa na sharti moja ambalo kila aliyekuja kujifunza kwake alilisikia siku ya kwanza: usichonge usichokiona. Kiboko alikwenda kumtazama ziwani Homa Bay. Twiga alimwona mbugani. Wenzake bandani walimtania kwamba mbona hata malaika huchongwa na hakuna aliyewahi kumwona. Naye alikuwa akijibu, "Ndiyo maana mimi sichongagi malaika."

Nyangumi ndiye aliyemfanya avunje sharti lake. Mama mmoja mwenye duka la vinyago huko Malindi alimpigia simu akitaka nyangumi, wengi, wadogo wa kuwekwa mezani. Tata akamuuliza nyangumi ni mnyama gani. Yule mama, pengine akiwa na wateja mbele yake, akajibu haraka haraka kwamba ni samaki mkubwa kuliko wote. Basi! Tata akaenda sokoni akanunua ngege mmoja mnono, yule samaki wa ziwani, akamlaza kwenye benchi, akamzunguka nusu siku nzima akimpima kwa vidole. Kisha akaanza kuchonga. Jioni Mama alimkaanga mwalimu wetu wa nyangumi tukamla na ugali wa wimbi.

Walikuwa nyangumi wazuri, nisiseme uongo. Tumbo nene, macho ya huruma, na mkia umesimama wima kama wa ngege. Na mimi, ninayewasimulia, nilijua kwamba ule mkia si sawa. Kwenye kabati la vitabu darasani kwetu kulikuwa na kitabu cha wanyama wa baharini, na nyangumi wa kitabuni alikuwa na mkia uliolala, umetandazwa kama jani la mgomba lililoanguka chini. Nilimwona kabla hatujamaliza kusugua wale wa kwanza. Nikanyamaza. Ungekuwa wewe ungesema nini? Mtoto anayesugua hamfundishi baba yake kuchonga, hasa baba ambaye watu walitoka mpaka Nyamache kuja kutazama mikono yake. Nikaendelea kusugua ile mikia, mmoja baada ya mwingine, nikiyang'arisha makosa yake.

Simu ya pili ilipokuja, Tata alikuwa bandani na wenzake wote, naye alikuwa na tabia ya kuweka simu kwenye spika kwa sababu mikono yake ilikuwa na vumbi. Yule mama wa Malindi hakuwa na ubaya. Alisema tu, "Fundi wangu, hawa mbona mikia imesimama? Wa nyangumi hulala. Wageni wanaingia dukani wananicheka." Akaomba wengine, la sivyo atatafuta mtu mwingine. Banda zima lilisikia. Kabla ya saa sita Tata alikuwa amepewa jina jipya, Ngege, na watoto wa jirani walikuwa wanaliita kutoka njiani.

Alikuja nyumbani akanawa mikono kwa muda mrefu sana. Jina la fundi ndilo shamba lake. Likichekwa, hata vijana wa kujifunza hupungua. Rafiki yake mmoja akaja kumfariji, akamwambia mambo ni rahisi, alaze tu hiyo mikia amalize kazi. Tata akatikisa kichwa.

"Nimechonga mara moja kwa kuambiwa," akasema. "Sitachonga mara ya pili kwa kuambiwa. Hiyo nyangumi nitaenda kuiona na macho yangu. Na hawa watu wangu wataenda kuiona."

Watu wake ndio sisi: Mama, mimi na mdogo wangu Nyakundi. Hakuna kati yetu aliyewahi kuona bahari. Jamani, ile nyumba iligeuka ofisi! Mimi nilifanywa karani wa safari kwa kuwa Kiswahili changu kilikuwa cha shuleni na cha Tata kilikuwa cha bandani. Nikapewa daftari jipya. Kupitia yule mama wa Malindi niligundua kwamba nyangumi hupita pwani yetu kuanzia Julai hadi Septemba, kwa hiyo likizo ya Agosti ilifaa kabisa, na kwamba kuna nahodha wa boti ya injini pale Watamu anayewapeleka watu kuwatazama asubuhi. Nikampigia nahodha nikiwa nimesimama wima kana kwamba ananiona. Akasema ana nafasi nne Jumamosi. Nikaiandika kwa kalamu nyekundu, nikaenda kumtangazia Mama nikiwa nimejaa sifa.

"Jumamosi?" Mama akaacha kumenya ndizi. "Kemunto, wewe ni mtoto wa Sabato kweli? Mwambie huyo nahodha hata samaki wa Yona angengojea Jumapili."

Nikampigia tena, nimenywea. Nahodha akacheka, akatuhamishia Jumapili. Kanisani nako Mama aliomba tuombewe, na mzee wa kanisa akasimama akamsihi Mungu atuvushe salama na kuyafunga makanwa ya viumbe vya vilindini. Nyakundi aliposikia hilo la makanwa akasema yeye atabaki na ng'ombe. Ilibidi aahidiwe viatu.

Kulikuwa pia na suala la shamba na kusugua. Mama alikuwa katika egesangio, kikundi cha akina mama wanaosaidiana kazi kwa zamu, leo kwako kesho kwangu. Aliwaeleza shida yake, wakakubali kulima na kusugua zamu zake zote, naye akirudi alipe siku kwa siku kwa jembe lake mwenyewe. Walimpa sharti moja tu: aje awasimulie bila kuongeza chumvi. Tata naye alisikia kwamba bahari hutapisha, akatukalisha wote kwenye benchi uani, akashika upande mmoja na kutuyumbisha kila jioni ili matumbo yazoee. Majirani walisimama kwenye ua wakitutazama. Mama alifunga mkungu wa ndizi, unga wa wimbi na sufuria, kana kwamba huko Malindi watu hawali.

Magokoro, yaani bibi yangu mzaa baba, ndiye pekee aliyekataa kwenda. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. "Nendeni," alisema. "Mimi nitamwona mkirudi, kwenye jiwe."

Na katika shamrashamra zote hizo, moyo wangu ulikuwa unaniuma. Kila ukurasa wa daftari niliojaza ulinikumbusha kwamba safari hii yote, na lile jina la Ngege, ningeyazuia kwa sentensi moja. Magokoro alikuwa na msemo wake kwamba anayejua kivuko ndiye anayechukuliwa na mto, na mimi nilihisi maji yamenifika shingoni. Alasiri ya kabla ya kuondoka sikuweza tena. Nilimfuata Tata nyuma ya nyumba alikokuwa ananoa visu.

"Tata, mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Mkia. Niliuona kitabuni shuleni, hata kabla hujatuma wale wa kwanza."

Kisu kikasimama juu ya jiwe la kunolea. "Mbona hukusema?"

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akaokota visu vyake na kuingia ndani. Hakunipiga wala kunigombeza, na heri angenigombeza. Njia nzima ya kwenda pwani, na ilikuwa njia ndefu, hakulitaja tena. Nilikaa na daftari langu mapajani nikiamini kwamba nimempoteza baba.

Jumapili asubuhi tulikuwa kwenye boti pamoja na wageni wengine wachache. Mazoezi ya benchi hayakutusaidia kitu. Nyakundi alitapika kabla hatujaiacha nchi kavu, na Mama alishika ukingo kwa mikono miwili akiimba wimbo wa kanisani kwa meno yaliyofungwa. Maji yalikuwa mengi kupita kiasi. Tulizunguka mpaka jua likawa kali, na nikaona nahodha anaanza kutazama saa. Niliomba kimoyomoyo: Mungu, kama ni kwa ajili yangu umewaficha, nisamehe.

Ndipo maji yakapasuka. Kwanza pumzi, kama breki za lori, kisha mgongo mweusi uliopita bila kwisha, na mwishowe mkia. Uliinuka wote mzima, ukadondosha maji pande zote mbili, mpana, umelala, umelala kabisa, halafu ukazama taratibu bila kelele. Tata alikuwa amesimama.

"Mzee wangu, keti bwana!" nahodha akapiga kelele. "Utatumwaga majini!"

Hakuketi. Alikuwa amenyoosha kiganja chake hewani, kimelala, akikipandisha na kukishusha kama anavyofanya akipima jiwe. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta. Kisha akanishika bega, akawageukia watu wote waliokuwa kwenye ile boti, watu asiowajua, akasema kwa sauti ya bandani:

"Mimi ni fundi wa mawe. Nilichonga hii kitu vibaya, mkia imesimama, nikachekwa. Huyu msichana yangu alikuwa anajua. Alijua mbele yangu!" Akanigeukia. "Asante, mama."

Sikuwahi kumsikia baba yeyote wa kwetu akimshukuru mtoto, tena mbele za watu. Mgeni mmoja akapiga makofi, wengine wakafuata, hata nahodha. Nilijivuna mpaka nikasahau kichefuchefu, na sioni aibu kuwaambia hivyo.

Tulirudi Tabaka, naye akachonga. Wa kwanza alimpelekea Magokoro, ambaye alimpapasa kuanzia kichwani, polepole, mpaka kidole gumba kikafika nyuma. "Huyu amelala," akasema, akamweka kifuani. Yule mama wa Malindi aliwapokea waliofuata na hakutafuta mtu mwingine. Jina la Ngege lilidumu kidogo, halafu likafa lenyewe, kwa sababu Tata alisimulia kosa lake mara nyingi kuliko walivyolisimulia wenzake, na utani wa namna hiyo hauna ladha. Mama alilipa siku zake zote za jembe, na nasikia chumvi aliiongeza.

Lakini nyangumi mmoja wa zamani, mwenye mkia uliosimama, Tata alimweka sebuleni, juu ya kabati, karibu na kalenda. Mimi nilimwonea haya. Wageni wakija nilimsukuma nyuma ya redio, na kesho yake nilimkuta amerudishwa mbele. Tukazoea. Ikawa nyumbani kwetu mtu akikosea, awe Mama na chumvi ya mboga au Tata mwenyewe na vipimo vyake, hata Nyakundi aliruhusiwa kumwambia, "Mkia umesimama." Nilidhani ni mchezo wa nyumbani tu. Nilipomaliza chuo na kuanza kazi Tata alinikabidhi yule nyangumi amefungwa kwenye gazeti. Nilimweka mezani katika ofisi yangu ya pale kwenye ujenzi, na kila anayeniuliza, fundi au mgeni, mimi humsimulia kisa chake.

Sasa turudi Jumanne. Nikiwa nimeduwaa kwenye harufu ile, mwashi mmoja mwenye mvi, mtu wa umri wa Tata kabisa, alinifuata akiwa ameshika futi kamba kwa mikono miwili. Aliikunja na kuikunjua. "Injinia," akasema, "usikasirike. Nimeangalia ramani yako ya ngazi siku ya tatu leo." Akaelekeza futi kamba kwenye ngazi. "Naona kama mkia umesimama."

Tukaenda tukapima. Kidato cha juu kabisa nilikuwa nimekichora kirefu kuliko vingine, na ngazi bado haijamwagwa zege. Watu wangejikwaa pale kila siku, pengine mzee, pengine mama mwenye mtoto mgongoni. Siku tatu yule baba alikuwa amebeba jambo hilo akiniogopa mimi, binti wa Tabaka, kama nilivyokuwa nimebeba langu. Ndipo nilipoelewa ni kwa nini Tata alikataa nyangumi yule akae nyuma ya redio. Hakumweka kwa ajili ya kujicheka. Alikuwa ameumia kusikia kwamba mtoto wake alimwogopa, na kwa kuwa hakujua kulisema, alilijibu kwa jiwe, akaliweka mahali ambapo tungelipita kila siku.

Jioni nilimpigia simu. Akapokea kwa spika, kama kawaida yake, nikasikia panga zinagonga nyuma yake.

"Tata," nikamwambia, "leo fundi wangu ameniambia mkia umesimama. Na kweli ulikuwa umesimama."

Panga zikanyamaza. "Na ulimwambia asante?"

"Nilimwambia. Mbele ya watu wote."

Nikamsikia akiwageukia wenzake bandani na kusema kwa sauti, ili nisikie na mimi:

"Mnasikia? Huyo sasa ni fundi."