Mashine Iliyopasha Moto Nyumba ya Mama

Kazi yangu ni kutengeneza picha za nyumba ambazo hazijajengwa. Msanifu ananitumia michoro, mimi napaka kuta rangi, naingiza jua dirishani, napanda maua ambayo mwenye nyumba hatayamwagilia maji hata siku moja, kisha naiachia kompyuta ipike. Kupika ndilo neno tunalotumia sisi wa kazi hii, na wala si utani. Ndani ya kompyuta kuna kadi ya picha, kipande kizito chenye feni tatu, na hiyo ndiyo inayofanya hesabu zote za mwanga na kivuli. Ikishika kazi inatoa joto kama jiko lililokolea makaa.

Nilipokuwa nikiishi Nakuru mjini nililichukia joto hilo kabisa. Nilikuwa nimepanga chumba cha orofa ya juu, mabati juu ya kichwa, na mwezi wa Februari nilifanya kazi bila shati, miguu ndani ya beseni la maji. Jirani aliwahi kuniuliza kwa upole kama nafuga vifaranga, kwa sababu ukuta wetu wa pamoja ulikuwa na joto usiku na mchana. Nilimwambia ni kompyuta. Aliniangalia kama mtu anayedanganywa.

Baba alipofariki nilihamia Molo kwa mama. Hakuna aliyenituma. Sisi tumezaliwa wawili tu, dada yangu yuko ng'ambo, na sikupenda kumfikiria mama akifunga ng'ombe peke yake jioni na ukungu umeshuka hadi kwenye ua. Nilipakia kompyuta kwenye kiti cha nyuma cha gari la rafiki, nikaifunga mkanda kama abiria.

Molo ni baridi. Nyumba yetu ni ya mbao, kwenye kipande cha ardhi kilichokatwa kutoka shamba kubwa la mzungu wa zamani, na upepo unajua kila ufa. Hata maziwa ya kugandisha yanachukua muda wake huko. Niliweka mashine sebuleni kwa sababu ndiko kuliko na soketi ya kuaminika, nikaanza kazi. Siku ya tatu hivi niliona kigoda cha mama kimesogea. Wiki ilipokwisha kilikuwa kando ya mashine, na mama juu yake, magoti ameyaelekeza kule joto linakotokea, anafuma.

"Hii kitu yako iko na faida," aliniambia. "Magoti haijaniuma leo."

Kwa hiyo kile nilichokitukana Nakuru kikawa baraka Molo. Nikiwa na picha nzito ya kupika, nilikuwa namwambia mapema kama vile mtu anavyotangaza chakula kiko tayari. Wanawake wenzake wa kanisa wakija kumtembelea, aliwapisha hapo kwa zamu. Aliyekuwa mgonjwa alikaa karibu zaidi.

Ni wageni hao waliotuletea shida ya kwanza. Nyumbani kwa mama kila kitu chenye heshima huvaa kitambaa cha kufuma. Televisheni ina chake, redio ina chake, friji, mikono ya viti, hata jagi la maji. Siku moja wageni walikuwa njiani, mimi nimepeleka maziwa kwenye gari la kampuni inayoyanunua, na mama akaiona mashine iko uchi katikati ya sebule iliyovaa vizuri. Akaifunika kitambaa kipya, kikubwa, kilichofumwa kwa uzi mzito, mbele na nyuma mpaka chini. Niliporudi nilikuta wageni wanakunywa chai na mashine imezima yenyewe kwa kujiokoa. Niligusa juu yake nikaondoa mkono haraka. Kazi ya tangu asubuhi ilikuwa imeenda na maji.

Nina hasira za karibu, na mama anajua. Alinisubiri nifoke. Lakini kitambaa kilikuwa kizuri sana, na wageni walikuwa wananitazama, nikajikuta nacheka. Nilimweleza kwamba kitu hiki kinapumua, kinavuta hewa mbele na kuitoa nyuma. Hakubisha. Baada ya muda alileta kitambaa kingine, chenye matundu makubwa, kilichofunika juu tu. Kilikaa pale kama kofia, na mashine haikuzima tena.

Basi maisha yalikuwa hivyo mpaka mkubwa wangu wa kazi aliponiita Kikopey, kwenye vibanda vya nyama choma kando ya barabara kuu. Yeye hufanya kazi Nairobi na ana ofisi ndogo Nakuru, na habari nzito huwa haisemi kwa simu. Huisema juu ya nyama. Nikishaona ameagiza mbavu kabla hata sijaketi, huwa najua kuna jambo.

"Boss, clients hawataki picha tena," aliniambia. "Wanataka video. Mtu atembee ndani ya nyumba, afungue mlango, aone jikoni. Hiyo kadi yako haiwezi."

"Inaweza, ila polepole."

"Polepole ni kusema haiwezi. Kuna kadi mpya inatoka. Ikitoka tu, nanunulia kila mtu. Na kama stima ya kwenu ni ya kubahatisha, kuja ukae ofisi ya Nakuru. Huko kuna laini ya nguvu na kuna AC."

Kadi hiyo nilikuwa nimeshasoma habari zake. Watu wa kazi yetu hawakuwa wanazungumza kingine. Uvumi ulisema itakula stima kuliko zote zilizotangulia, na kwamba yenyewe peke yake, bila kompyuta, itavuta karibu nusu ya pasi. Tofauti ni kwamba pasi hupata moto ikajizima, ikapumzika, ikawaka tena. Kadi haipumziki. Tena kulikuwa na picha za plagi za kadi za matoleo ya nyuma zilizoyeyuka, plastiki imebabuka na pini zimekuwa nyeusi. Waliozitetea kadi hizo walisema wenye nazo hawakuzisukuma plagi mpaka mwisho. Labda ni kweli. Mimi nilichoona ni kwamba watu wenye nyumba za matofali na nyaya nene wanalalamika, na mimi nakaa kwenye nyumba ya mbao.

Sikuogopa kadi. Niliogopa nyaya za baba. Alizivuta mwenyewe akisaidiwa na fundi wa mtaa, nyembamba, zimepita juu ya dari kwenda kila chumba kutoka kwa mita moja ya umeme. Transfoma yenyewe tunaigawana na kijiji kizima pamoja na kinu cha kusaga unga. Kinu kikianza, taa zetu hufifia zikawa rangi ya chai. Njia yote ya kurudi Molo nilikuwa najiuliza swali moja tu, kama nyumba ile itabeba kadi hiyo au nitamwacha mama peke yake.

Niliamua kujaribu. Kadi sikuwa nayo, lakini stima haijui kilichochomekwa ni nini. Nikiwasha mashine ipike kwa nguvu zote, kisha niongeze birika la umeme na pasi, nitakuwa nimezidisha hata mzigo wa kadi mpya. Nyumba ikistahimili hayo, sina sababu ya kuhama. Nilimwomba mama aniletee birika.

"Birika gani?"

"Ya stima. Ile dada alikununulia."

Alienda chumbani kwake. Nilisikia akivuta kitu kutoka chini ya kitanda. Alirudi na birika na pasi vyote viwili, vimefungwa kwenye karatasi ya nailoni na kukazwa kwa kamba. Vilikuwa na vumbi.

Nilimuuliza kwa nini vimefungwa.

"Hizi kitu nikiwasha, mashine yako ilikuwa inalia," alisema. Alimaanisha betri ya akiba niliyoiunganisha na kompyuta, ambayo hupiga kelele umeme ukishuka. "Nikaona niziweke. Wewe ufanye kazi."

"Tangu lini?"

"Tangu ukuje."

Nilikaa chini. Miezi yote hiyo mama alikuwa akichemsha chai kwenye jiko la nje, kwa kuni, kwenye moshi, akiwa na kifua kile kile ambacho daktari alimwambia akiepushe na moshi. Nguo alikuwa anazipiga pasi ya makaa. Na mimi nilikuwa nakunywa chai hiyo nikiisifu. Niliwaambia marafiki wa Nakuru kwamba chai ya kuni haina mfano, kwamba mama hataki kabisa mambo ya birika, ni mtu wa zamani. Yeye mwenyewe alikuwa ananiambia ni tamu zaidi, na mimi niliamini kwa sababu ni kweli ilikuwa tamu. Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto.

Jaribio lenyewe halikuchukua muda. Niliwasha mashine, nikachomeka birika, taa ikafifia. Nikachomeka pasi. Betri ya akiba ilianza kulia, harufu ya plastiki ikatoka kwenye ekstensheni, na kila kitu kikazimika mara moja. Mama alikuwa amesimama mlangoni amejifunga leso.

"Sasa utaenda?" aliuliza.

Nilimwambia sijui, na wakati huo sikuwa najua.

Nilifikiria siku kadhaa, nikampigia mkubwa wangu. Nilimpa wazo lililonijia nikikama ng'ombe. Kadi ikae Nakuru, ndani ya mashine yangu, kwenye ofisi yenye laini ya nguvu na hewa baridi. Mimi nikae Molo na laptop ndogo, niiendeshe ile mashine kupitia intaneti. Joto libaki kwao, kazi ibaki kwangu. Alinung'unika, akasema mtandao wa huko ni wa kuku kudonoa, akataka tujaribu kwanza. Tulijaribu na mashine nyingine ya ofisini. Ilikubali. Akasema sawa, lete hiyo kitu yako.

Jioni hiyo nilimweleza mama kila kitu. Mashine itaenda Nakuru, nilisema, lakini mimi nitakuwa naitumia kutoka hapa hapa. Aliitikia kwa kichwa. Niliongeza kwamba sebule itarudi kuwa baridi, kwa kuwa laptop ile haina joto la kupasha hata kidole, na kwamba nitamtafutia kitu cha magoti. Alisema magoti si kitu.

Jirani yetu wa Molo alikuwa na pikapu ya kupeleka viazi sokoni Nakuru, akakubali kuifikisha mashine ofisini. Asubuhi aliingia uani, tukapanga magunia vizuri na kuacha nafasi katikati, nikaiweka mashine hapo ndani ya blanketi. Nilikuwa nakaza kamba niliposikia mlango wa nyumba. Mama alitoka na begi langu, lile la safari. Alikuwa amelijaza. Juu kabisa kulikuwa na mashati yangu, yamenyooshwa yote na kukunjwa kama ya dukani, na kando yake chupa ya maziwa na sweta aliyonifumia bila mimi kuona.

"Hizi ni za ofisi," alisema. "Sweta ni ya asubuhi. Nakuru pia huwa na baridi asubuhi."

"Mum, siendi. Ni mashine peke yake inaenda."

"Ulisema utakuwa unafanya kutoka hapa."

"Ndiyo, hapa. Hapa nyumbani."

Alishika begi kwa mikono miwili. Hakuwa na hasira wala hakulia.

"Hata dada yako alisema hivyo, na akaenda," aliniambia.

Jirani aliwasha gari akaniuliza kama nimemaliza. Nilimpungia mkono aende. Pikapu ilitoka langoni, ikakata kona, na mama aliitazama mpaka mwisho, kisha akanitazama mimi, kama mtu anayehakikisha. Nilimpokonya begi nikalipeleka chumbani kwangu. Alinifuata, akasimama mlangoni, akaniangalia nikirudisha mashati kabatini moja baada ya jingine, na hakuondoka hapo hadi begi lilipobaki tupu.