Moto wa Kuka Situma

Sisi tuliosoma miguu peku kwenye baridi ya Kitale tunajuana hata tukikutana uzeeni. Ni sisi ambao kila Ijumaa tulibeba ukuni kwapani na mkebe wa maji mkononi, ukuni wa jiko la shule, maji ya kunyunyizia vumbi la darasani. Sweta zetu za kijani zilikuwa zimetoboka viwikoni, na umande uliuma vidole vya miguu hadi ukaona afadhali usimame pale ng'ombe alipokuwa amelala, upate joto lake kidogo kabla ya kuendelea na safari. Nikiwasimulia wanangu hayo wananitazama kama mtu aliyetoka vitani. Kifungua mimba wangu akiamka, hata uso hajanawa, anauliza nani ametoa simu yake kwa chaji.

Wazazi wangu walitoka Nyeri wakanunua shamba dogo nje ya mji wa Kitale. Jirani zetu walikuwa Wabukusu, na binti yao Nekesa tulizaliwa mwaka mmoja. Mimi nilijifunza Kibukusu jikoni kwao, yeye akajifunza Kikuyu jikoni kwetu, mpaka mama zetu wakitaka kusengenya wakakosa lugha ya kujifichia. Tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira usikugonge, kwa mpira wa karatasi za nailoni uliofungwa kwa katani. Tuliruka bladda, ile kamba ya kuruka inayovutika, tuliyoikata kwenye tyubu ya baiskeli ya baba yake, naye akaitafuta tyubu hiyo mwezi mzima akituuliza sisi wenyewe kama tumeiona. Jioni tulirudi nyumbani na magoti yenye damu kavu, na hakuna aliyetupeleka hospitali. Mama alitema mate kidogo kwenye kidonda, akasema, "Utapona kabla uolewe."

Mpishi wa shule yetu alikuwa Mzee Situma. Tulimwita Kuka, yaani babu kwa Kibukusu, ingawa sasa nikihesabu naona hakuwa amefika hata miaka hamsini. Moshi ndio uliomzeesha. Alikuwa mrefu, jicho moja limesinyaa, na kila msimu alivaa koti la mvua lililokosa vifungo. Kwao kulikuwa Chwele. Ijumaa jioni alipanda baiskeli akateremka kwenda kuona familia yake, safari ya nusu siku, na Jumapili usiku alikuwa amerudi ili Jumatatu tukute uji. Githeri yake, mahindi na maharagwe ya kuchemsha pamoja, sijaonja nyingine kama hiyo. Maharagwe aliyalainisha kwa munyu, ile chumvi inayochujwa kutoka kwa majivu ya mimea, yakawa yanayeyuka mdomoni. Ukiwa mgonjwa alikujua kwa macho tu, akakuchotea juu juu mahali penye mafuta.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa mwisho wa muhula wa pili, tukiwa darasa la sita. Mahindi mashambani yalikuwa yamefika ya kuchoma. Asubuhi ilinyesha manyunyu, kisha ukaja ule upepo wa kutoka Mlima Elgon unaoingia hadi kwenye mifupa. Wakati wa mapumziko mimi na Nekesa tuliingia jikoni tukitetemeka, kila mmoja na hindi moja bichi ndani ya sweta. Jiko lilikuwa la mabanzi, limeezekwa nyasi. Kuka alikuwa anachukua mitungi aende kisimani.

"Nyinyi mmeletwa hapa na mvua ya Kitare?" alituuliza. Yeye Kitale aliita Kitare, na rula akaiita lura, na sisi tulimcheka kwa siri.

"Ndiyo, Kuka."

"Oteni moto. Lakini msiongeze kitu. Huo moto unajua kazi yake."

Akaenda. Tuliweka mahindi yetu kwenye makaa, na kwanza hatukuongeza kitu. Lakini mahindi yalikuwa hayaivi, na tulijua kengele i karibu. Pembeni kulikuwa na rundo la maganda makavu ya mahindi. Mimi ndiye niliyeyachota. Nasema hivi kwa sababu kwa miaka mingi kichwani mwangu nilisema "tulichota", lakini Nekesa alinishika mkono akaniambia niache, na mimi nikacheka nikayatupa yote. Moto uliruka juu. Upepo ukapenya kati ya mabanzi, ukainua ganda linalowaka, ukalipeleka kwenye paa. Zile nyasi zilikuwa zimekaushwa na moshi wa miaka.

Kengele ikalia. Tukakimbia darasani.

Huo ndio ukweli wote. Hatukupiga nduru, hatukumwita mwalimu. Tuliketi kwenye dawati letu, mahindi yaliyoiva nusu tumeyaficha ndani ya sweta, tukafungua daftari za hesabu. Tulingoja mtu mwingine aone. Alipoona, jiko lilikuwa limeshika kote. Kuka alikuja mbio na maji yake, akamwaga mtungi mmoja, akamwaga wa pili, kisha akasimama tu akitazama. Hakuna aliyeumia. Lakini jiko, sufuria kubwa, magunia ya mahindi na maharagwe yaliyowekwa kwa muhula wa tatu, vyote viliisha kabla ya saa sita.

Kamati ya shule ilikutana siku iliyofuata, na mama alikuwa mmoja wao. Jioni hiyo alitusimulia akimenya viazi. "Wamemwuliza kama kulikuwa na mtu ndani. Akasema hakuna. Wakamwuliza ni nani basi. Akasema, 'Moto ulikuwa wangu.' Mzee mzima, kuacha moto peke yake. Wamemfuta kazi."

Nilimwangalia mama. Kisu kilikuwa kinazunguka kiazi, ganda linashuka refu bila kukatika. Nilifungua mdomo. Mama akasema, "Lete maji," nikaenda kuleta maji.

Kuka aliondoka na baiskeli yake, koti la mvua limefungwa nyuma. Alitukuta mimi na Nekesa getini. Alisimama, akatuangalia mmoja baada ya mwingine, akasema, "Someni." Kisha akapanda baiskeli.

Basi tukasoma. Nekesa akawa mwalimu, akaolewa Mabanga. Mimi nikafungua duka la nafaka Kitale, na biashara ikanifanya niende Chwele siku za soko. Mara ya kwanza kumwona Kuka huko niligeuza njia. Alikuwa ameketi upande wa soko la mifugo, akisokota kamba za katani za kufungia ng'ombe. Alinitambua kabla sijajificha.

"Wewe si wa Kitare? Masomo yalienda aje?"

"Yalienda vizuri, Kuka."

"Sawa. Hiyo ndiyo inatakiwa."

Tangu siku hiyo kila nikienda Chwele nilimpitia. Nilimwamkia, nikamwuliza hali, nikanunua kamba. Nina kamba nyingi nyumbani, na sijawahi kufuga hata mbuzi. Kila mara nilijiambia leo nitasema, na kila mara akaja mtu na fahali wake kuulizia kamba ndefu, au wingu likafunga upande wa mlimani, nikaona nisicheleweshwe na mvua.

Mwaka juzi Nekesa alinipigia simu. Alikuwa amesumbuliwa na presha, sauti yake imepungua.

"Wambui, twende tumwambie Kuka. Mimi nimechoka kubeba hii kitu."

"Si tungoje Disemba? Shule zitakuwa zimefungwa, upumzike."

"Kuka hana Disemba nyingi."

"Ni hiyo moja tu, bana. Tutaenda pamoja."

"Haya. Wewe ndiye unajua."

Nekesa hakufika Disemba. Alianguka mwezi wa kumi akisahihisha vitabu vya watoto, na walipomfikisha hospitali alikuwa amekwisha kwenda.

Siku ya kumzika Mabanga, Kuka alikuja. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki nyuma ya hema, fimbo kati ya magoti, na lile jicho lake zima nalo lilikuwa limeanza kufunga ukungu. Nilikwenda kumwamkia. Akaushika mkono wangu, hakuuachilia.

"Sasa umebaki peke yako," alisema.

Nilijua anamaanisha nini. Naye alijua kwamba nimejua. Kulikuwa na kiti kitupu karibu naye, na ningeketi dakika tano yangetosha. Lakini mwimbishaji wa kwaya alianza, watu wakasimama, nikamwambia, "Kuka, nitakuja kukuona wiki ijayo." Akatikisa kichwa kama mtu anayekubali. Wiki iliyofuata nilipokea lori la mahindi. Iliyofuata nayo, sikumbuki nilikuwa na nini.

Mwezi wa pili, kundi letu la WhatsApp la wanafunzi wa zamani likaleta picha yake na maneno kwamba Mzee Situma, aliyekuwa mpishi wetu, amelala. Chini yake watu wakapanga mishumaa na mikono ya kuomba. Mmoja aliandika, "Si huyu ndiye alichoma shule?" Akafuata mwingine akicheka.

Nilizima simu. Asubuhi ya mazishi nilifika Chwele mapema, watu wakiwa bado wanapanga viti. Binti yake mkubwa, Nasimiyu, alikuwa nyuma ya nyumba akichambua mchele kwenye ungo. Nilijitambulisha, nikaketi kando yake, nikamwambia yote: mahindi, maganda, kengele, na kwamba mkono ulikuwa wangu. Hakuacha kuchambua mchele mpaka nikamaliza.

"Mwaka huo ndio mimi niliacha shule," alisema. "Nilikuwa darasa la saba."

Nilimwambia pole. Neno lenyewe lilinitoka likiwa dogo.

"Hiyo nilishasahau. Lakini mama." Akaweka ungo chini. "Mama alimwita mvivu miaka yote hiyo. Wakikosana kidogo tu, 'wewe uliyelala mpaka shule ikaungua.' Mama alikufa akiamini hivyo. Na mzee hakujibu. Sisi watoto tuliona ananyamaza, tukasema basi ni kweli."

Nilikuwa nimefikiri miaka hiyo yote kwamba kosa langu lilikuwa la siku moja, limeisha pale kamati ilipofunga kikao. Kumbe lilihamia nyumbani kwa watu, likaketi nao mezani, likazeeka nao.

"Ungemwambia yeye," Nasimiyu alisema. "Mimi nitafanya nini na hii sasa? Yeye ndiye angefurahi kusikia." Alijipangusa mikono kwenye leso. "Lakini umekuja. Utasimama uwaambie hawa wote. Ndugu zake wako hapa, watoto wake wako hapa. Usiniambie mimi hapa nyuma."

Nilisimama. Zamu ya marafiki ilipofika nilishika maikrofoni, nikaisogeza karibu mno hata spika zikapiga mluzi, nikasema kwa Kibukusu, kile nilichofundishwa na Nekesa, ili wazee wote wasikie bila kutafsiriwa. Nilisema jina langu na la baba yangu. Nilisema Situma hakulala siku ile; alikuwa kisimani, na moto niliuongeza mimi baada ya yeye kunikataza, na aliulizwa akanificha. Mdogo wake Situma, mzee wa mvi aliyeketi mbele kabisa, aliinamisha kichwa. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Tumesikia." Mhubiri akaendelea na ibada.

Baada ya mazishi nilitaka kuondoka kimya kimya. Nasimiyu alinifuata na sahani ya wali na kuku. "Kula kwanza. Kitale ni mbali." Hakusema amenisamehe, na mimi sikuthubutu kuuliza. Nilikula chakula chote.

Enzi zetu mtu akiugua Chwele, habari ilifika Kitale baada ya wiki, kwa mdomo wa mchuuzi wa ndizi. Mama alifunga unga na jogoo, akavaa viatu vyake vya kanisani, akaenda. Mara nyingine alikuta mgonjwa amepona yuko shambani, wakacheka, jogoo akaliwa vilevile. Siku hizi simu inalia mgonjwa akiwa bado kwenye gari. Wanangu wanaandika "pole" kwa herufi mbili, wanabandika mshumaa, wanarudi kwenye video zao, nami huwagombeza kwamba kizazi chao hakijui kutembelea watu. Wananisikiliza kwa adabu. Hawajui kwamba kuhusu kutembelea watu sina la kumfundisha yeyote. Tulifundishwa na waliotembea kwa miguu, tukapata magari, tukawa ndio wa kusema tutakuja wiki ijayo.

Kuka alinipa namba yake mwenyewe pale sokoni, akiisoma polepole tarakimu kwa tarakimu, nami nikaiandika kwenye simu. Imekaa humo miaka sita. Sikuwahi kuipiga.