Siku Nilipomwita Bosi Nguva

Nilikuwa na wiki tatu tu kama karani katika ofisi moja hapa Eldoret. Bosi wetu, Mama Akinyi, alipopandishwa cheo, tukamwandalia chai na soda ofisini, na mimi mjuaji nikajitolea kumpongeza kwa Kiswahili kizito. Niliwahi kusikia kwamba nguva ni mwanamke mrembo ajabu, basi nikasimama nikasema, "Mama, wewe ndiye nguva wetu."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama akaweka kikombe chini.

"Nguva huwafanyia nini wanaume?" akaniuliza polepole.

"Huwavutia, Mama," nikajibu, bado natabasamu.

"Huwavuta mpaka kwa maji, wakazama. Na bwanangu alizama ziwani. Ulikuwa unajua hiyo?"

Ofisi nzima ilijua. Mimi peke yangu nilikuwa nimesimama, soda mkononi, nikitafuta neno lingine.