Laptopu Iliyolala Juu ya Meko

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu wa Agosti bado umeulalia mtaa wa Langas. Kengele ya baiskeli inalia mara mbili mbele ya mlango wa mabati. Rael Jepkosgei anashuka, anaiegemeza baiskeli ukutani na kupangusa mikono kwenye aproni yake. Nyuma ya kiti imefungwa mitungi miwili ya maziwa, na katikati ya mitungi kuna mafurushi ya leso yaliyozungushiwa karatasi ya nailoni.

Mama wa nyumba hiyo anatoka na sufuria. Binti yake wa miaka minane anatoka bila chombo, mikono yote miwili mbele, kama mtu anayekabidhiwa mtoto mchanga.

"Shika na chini, Nanzala," Jepkosgei anamwambia. "Imelala vizuri leo."

Maneno hayo ya mwisho huyasema katika kila nyumba siku hizi, na wateja wake hucheka. Wanajua kila furushi lina laptopu, na kwamba kuna mahali ambapo mojawapo ililala vibaya.

Jepkosgei ana miaka hamsini na minane. Anaishi Kipkenyo, nje kidogo ya mji wa Eldoret, na ng'ombe wawili wa maziwa. Hukusanya pia maziwa ya majirani, na kwa raundi mbili, asubuhi na jioni, huuza lita arobaini. Kila lita humwachia shilingi kumi. Baiskeli ni ya marehemu mumewe. Alijifunza kuiendesha akiwa na miaka arobaini na moja, majirani wakiwa wamesimama uani kumtazama akianguka.

"Walicheka mpaka wakachoka," anasema. "Halafu wakaanza kuniagiza sukari."

Shule zilipofungwa mwezi wa tatu kwa sababu ya korona, watoto wengine walisomea kwenye redio na simu za wazazi. Katika darasa la Mwalimu Jebet, Gredi ya Pili, kulikuwa na watoto sita wa Langas ambao nyumbani kwao hakukuwa na redio wala simu ya kufungua masomo. Jebet aliwataja mmoja mmoja akipimiwa maziwa mlangoni kwake. Jepkosgei alisikiliza, kisha akasema kwamba hao wote ni wateja wake.

Hapo ndipo jambo lilipoanza. Shuleni kwao kulikuwa na laptopu za madarasa ya chini, zimefungiwa stoo. Jebet alimwendea mwalimu mkuu, Mzee Kigen, akamweleza kwamba masomo yanaweza kuingizwa humo, na kwamba yuko mtu mmoja ambaye kila siku hupita kwenye milango yote sita. Watu wakifungiwa au wasifungiwe, chai lazima iwe na maziwa.

Kigen alikubali kutoa moja tu. Masharti yake yalikuwa mepesi kueleweka: irudishwe Ijumaa ya mwisho ya mwezi, aikague mwenyewe. Ikiwa nzima, atatoa nyingine tano, kila mtoto apate yake. Ikiwa imeharibika, stoo inafungwa mpaka shule zifunguliwe.

Basi ikawa hivi. Asubuhi Jepkosgei huiacha laptopu katika nyumba moja, na jioni huichukua akileta maziwa ya pili. Kesho yake huenda nyumba inayofuata. Jumatatu hadi Jumamosi, watoto sita. Usiku inalala kwake, ikichajiwa kwa sababu ana stima, na Jumapili Jebet anaingiza masomo mapya.

Siku moja kwa wiki ni kidogo, lakini watoto hawakuipoteza. Nanzala, binti wa Selpha Musimbi anayefua nguo za watu, alikuwa akinakili kila somo kwenye daftari kwa penseli, hata michoro ya mahindi na kuku. Mamake alidhani ni hofu ya kusahau. Kumbe daftari lilikuwa la mtoto wa jirani wa Gredi ya Kwanza, ambaye hakuwa kwenye orodha ya mtu yeyote.

"Sikumtuma," Selpha anasema, akiangalia pembeni kidogo. "Nilimkuta tu ameketi naye kwenye ngazi, anamwambia, 'Wewe andika, usiniangalie mimi.'"

Wiki ya tatu mvua ilinyesha Kipkenyo mfululizo, na paa la nyumba kubwa likaanza kuvuja juu ya meza ya laptopu. Jepkosgei aliihamisha mara mbili, na mara zote tone lilimfuata. Akafikiri ni wapi nyumbani kwake hapajawahi kulowa.

Kila mtu aliyelelewa kwenye jiko la kuni upande huu anajua jibu. Ni darini, juu ya meko. Huko ndiko vibuyu vya mursik, maziwa ya mgando, hukaa vikiwa vikavu na safi. Mbegu za mahindi huwekwa huko zisiguswe na wadudu. Kitu cha thamani hupelekwa juu ya moto, nao moshi hukilinda. Mamake alifanya hivyo, na nyanyake pia. Jepkosgei aliifunga laptopu kwa leso mbili, akaipandisha darini katikati ya vibuyu, akalala usingizi mzuri. Asubuhi aliishusha ikiwa kavu kabisa. Alifanya hivyo siku nne.

Siku ya tano ilikuwa Alhamisi, zamu ya Nanzala. Kesho yake ilikuwa ndiyo ile Ijumaa ya Mzee Kigen.

Aliporudi jioni kuichukua, alimkuta mtoto ameketi mbele ya kioo cheusi. Nanzala hakulia. Alimweleza pole pole, kama anayempa mgonjwa habari, kwamba ilivuma kidogo, ikapata joto, ikazima, na sasa haitaki kuamka.

"Gogo," alisema, kwa jina ambalo watoto wa mtaa humwitia kama nyanya yao, "inanuka kama jikoni kwenu."

Jepkosgei aliiinua mpaka puani. Anasema alitafuta pa kukaa. Hakuwaza chuma kile. Aliwaza zile tano zilizobaki stoo. Selpha alimwekea kigoda, akamtilia chai, akampimia jirani maziwa kwa niaba yake mpaka alipoweza kusimama.

Fundi Walubengo hutengeneza redio na simu kwenye kibanda karibu na soko la Langas. Alikuwa anafunga. Alipomwona Mama Kiprop, kama watu wazima wanavyomwita, akifungua leso, alifungua tena. Akatoa skrubu na kufunua mgongo wa laptopu. Feni ilikuwa imejaa masizi meusi yenye mafuta.

"Mama Kiprop," fundi alisema, "hii kitu ulikuwa unaisomesha ama unaikausha kama nyama?"

Jepkosgei alimweleza kila kitu. Walubengo hakutania tena. Alichukua mswaki mpya na spiriti, akasafisha jino moja moja la feni, karibu saa moja na nusu, huku akimwonyesha kila tundu na kumweleza kwamba chombo hiki hupumua, na mdomo wake ni huu. Alipobonyeza, kioo kikawaka, na somo la Nanzala la hesabu za kutoa likatokea pale pale lilipokatikia.

Alikataa malipo. Alimwambia amletee nusu lita siku atakayokumbuka. Kisha akamshauri kwa nia njema kwamba, kwa vile imepona, hakuna haja ya kumsumbua mwalimu mkuu na habari za moshi.

"Ukinyamaza, nani atajua?"

"Mwenye pua," Jepkosgei alijibu.

Ijumaa aliingia ofisini kwa Kigen, Jebet akiwa kando yake. Mwalimu mkuu aliiwasha, ikawaka. Aliigeuza juu na chini, akaridhika, akaushika ufunguo wa stoo. Jepkosgei akamwomba angoje. Alimsimulia kuanzia tone la kwanza la mvua hadi mswaki wa fundi. Jebet alikuwa akitazama sakafu.

Kigen aliinusa laptopu. Kisha akavuta droo, akatoa bahasha, na ndani ya bahasha cheti chake cha shule ya msingi, kimekuwa rangi ya chai ya mkandaa, isiyo na maziwa.

"Mama yangu alikiweka darini miaka tisa," alisema. "Nyumba ya jirani iliingia maji, vyeti vya watoto wake wote vikaoza. Changu kiko. Lakini karatasi haina feni, Mama."

Hakutoa tano. Alitoa mbili. Nyingine tatu, alisema, zitafuata mwezi ujao, na hakuna hata moja itakayolala jikoni. Jepkosgei anasema huo ulikuwa uamuzi wa haki, na angekuwa yeye angetoa moja.

Sasa kila mtoto anapata siku tatu kwa wiki. Laptopu ya kwanza hunuka moshi bado, na watoto huigombania hiyo hiyo kwa sababu, wanasema, ndiyo inayojua njia. Usiku laptopu zote tatu hulala kitandani kwa Jepkosgei, upande wa ukutani aliokuwa akilala mumewe, chini ya paa lililozibwa sasa. Huzifunika blanketi na kuziacha kidogo wazi mdomoni, zipumue.

Anangojea zile tatu za mwisho. Lakini ukimuuliza anachokitaka hasa, anaitazama barabara ya matope inayoshuka kuelekea lango la shule.

"Nataka siku moja nipige kengele kwa kina Nanzala," anasema, akikaza kamba ya mitungi, "atoke mama yake peke yake na sufuria. Niite mtoto, na mtoto hayuko. Ameshaenda shule."

Anapanda baiskeli. Bado nyumba nne.