Divai ya Kilima cha Changarawe

Baba alipopata kipande cha shamba la mzungu huko Chekalini, baada ya Uhuru, majirani waling'oa kila kitu cha mzungu wakapanda mahindi. Yeye aliacha mizabibu. Alikuwa amempikia mzungu huyo miaka mingi na kumsaidia kukamua zabibu, na divai aliyokuwa akionjeshwa kwa kijiko sasa alitaka kuinywa kwa kikombe, kwake.

Mizabibu ilikuwa kwenye kilima cha changarawe, mahali ambapo hata magugu yalikonda. Mchana jua kali, usiku baridi ya kukunja vidole. Kila kiangazi Baba aliikata matawi, kisha akakonyoa majani yote kwa mkono, miti ikabaki uchi. Watu walipita wakicheka. Jirani mmoja alimwuliza Mama kama mumewe ni mzima.

"Kwao baridi ndiyo hulazanga hii miti," Baba aliniambia. "Hapa theluji hakuna, mama. Ni mimi nitailaza. Isipolala, haizai vizuri."

Aliniita mama kwa kuwa nilipewa jina la mama yake.

Zabibu zake zilikuwa ndogo, nyeusi, ngozi nene. Divai ilitoka nyekundu ya kukaribia weusi, kali kidogo, na ukakasi wake ulibaki kwenye fizi hata baada ya kumeza. Mama hakuwa mnywaji, lakini Jumapili alikunywa kikombe kimoja mlangoni na Baba, na ni hapo tu nilipomsikia akicheka kwa sauti.

Baba alipofariki, ndugu yake aling'oa mizabibu yote apande mahindi. Ningekuwepo tungekosana. Mama aliwahi kuokoa matawi machache, akayafunga kwa gunia bichi, akaniletea Kakamega nilikoolewa.

Niliyapanda kwa hamu. Nilimkumbuka Baba kiasi kwamba usingizi ulinipaa, nikajiambia nikiipata ladha ile nitakuwa nimempata yeye, angalau kidogo.

Lakini sisi ni watu wa mahindi na ndizi. Mmea unaoupenda unaulisha. Nilijaza shimo samadi mpaka juu. Udongo wa Kakamega wenyewe umenona, na mvua hunyesha karibu kila alasiri. Mzabibu ukapanda ukafunika paa la jiko, wageni wakanisifu. Kukonyoa majani sikuthubutu. Mke mgeni mwenye mti uchi mlangoni, mashemeji wangesema nini?

Miaka ikapita, ukazaa. Zabibu zilivimba maji, nyingine zikaoza kabla ya kuiva. Divai yake ilikuwa nyepesi, ya rangi ya waridi, lakini niliitunza kama mtoto, nikamwita Mama aje aionje.

Alikunywa polepole. Nilimtazama usoni nikingoja acheke.

"Ni tamu," akasema.

"Si kama yake?"

"Hapana, mama. Ile ya baba yako ilikuwa ya miti yenye njaa. Hii yako imeshiba."

Nikamwambia nitahamisha matawi, niyarudishe kwenye changarawe, niache samadi, nikonyoe majani hata wakinicheka. Mama alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akanikumbusha, kwa upole, kwamba amu yangu ameshauza kile kilima, na mwenyewe mpya anachimba changarawe yake kwa ajili ya barabara.